Kamati ya mtaa na sauti ya mkazi katika halmashauri ya jiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wakazi wa mijini huuliza kuhusu mkutano mkuu wa mtaa, kamati ya mtaa, na namna yanayosemwa huko yanavyofika kwenye baraza la madiwani au yanavyokwama njiani. Majibu yanahusu zaidi Tanzania Bara, yenye halmashauri sita za majiji, yaani Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Arusha, Mbeya na Tanga, ingawa kwa sehemu kubwa utaratibu ni uleule katika manispaa na miji midogo.

Je, mtaa ni serikali au ni kamati ya ushauri tu?

Kwa jina ni serikali. Kwa sehemu kubwa ya kazi zake ni chombo cha ushauri. Mtaa ni ngazi ya chini kabisa katika mamlaka za miji zinazoongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, ambayo sasa inajulikana kama Sura ya 288. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una kamati, una mkutano mkuu wa wakazi, na una mtendaji ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na ndiye katibu wa vikao. Hata hivyo, mtaa hautungi sheria ndogo na haupangi kodi. Unajadili, unapendekeza na unasimamia yale uliyokabidhiwa na ngazi za juu.

Tofauti hii huonekana vizuri ukiulinganisha na kijiji. Halmashauri ya kijiji, iliyo chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, ina hadhi yake kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa usimamizi wa ardhi ya kijiji. Ndiyo maana wakazi wa pembezoni mwa majiji hushtuka pale kijiji chao kinapomezwa na mji na kugeuzwa mtaa. Wanapata matumaini ya lami na taa za barabarani, lakini maamuzi ya ardhi waliyozoea kuyafanya chini ya mwembe yanahamia kwenye ofisi za mipangomiji, na wao wanabaki na haki ya kutoa maoni.

Mwenyekiti wa mtaa na balozi wa nyumba kumi ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa wazee wengi huwachanganya, na wana sababu. Katika mfumo wa chama kimoja, mjumbe wa nyumba kumi, yaani balozi, alikuwa kiongozi wa chama na wakati huohuo mlango wa kwanza wa serikali kwa mwananchi. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, kazi za chama zilitenganishwa na za serikali, na uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa katika mfumo huo mpya ulianza mwaka 1994. Balozi bado yupo, lakini ni kiongozi wa Chama Cha Mapinduzi na si wa serikali. Mkazi ambaye si mwanachama hana wajibu wa kupitia kwake, na barua ya utambulisho hutolewa na ofisi ya serikali ya mtaa.

Nani anaruhusiwa kuhudhuria mkutano mkuu wa mtaa? Mimi ni mpangaji.

Mkazi yeyote wa mtaa huo aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu. Kigezo ni ukazi. Mpangaji wa chumba kimoja ana sauti sawa na mwenye nyumba ya ghorofa, na mwenye nyumba anayeishi mkoa mwingine hana sauti hiyo kwa sababu tu ana hati. Jambo hili linafaa kusisitizwa, kwa kuwa katika mitaa mingi wapangaji hujiondoa wenyewe wakidhani mkutano ni wa wenye nyumba, na matokeo yake ajenda huelemea kwenye mipaka ya viwanja na urasimishaji, huku vyoo vya pamoja, bei ya maji ya madumu na taka za wapangaji zikikosa msemaji.

Kugombea ni jambo jingine. Mgombea wa uenyekiti anatakiwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe mkazi wa mtaa husika, na awe amedhaminiwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hana nafasi.

Nikisema jambo kwenye mkutano wa mtaa, linafikaje kwa madiwani?

Linafika kwa karatasi. Maneno yaliyosemwa kwa ukali kwenye mkutano, hata yakipigiwa makofi, hayana njia ya kutoka pale yasipoandikwa kwenye muhtasari.

Njia yenyewe ni hii. Mkutano mkuu wa mtaa unajadili na kuazimia. Mtendaji wa mtaa anaandika muhtasari, na mwenyekiti anausaini pamoja naye. Azimio linalohitaji nguvu ya ngazi ya juu linapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wote wa mitaa ya kata hiyo ni wajumbe. Hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo mtaa wako unagombania nafasi na mitaa mingine, maana kata inaweza kuwa na mitaa mitano yenye mitaro mitano mibovu na fedha za mtaro mmoja.

Kikao cha kata kikikubali, pendekezo linaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, linapitiwa na wataalamu wa idara, kisha linaingia kwenye kamati ya kudumu inayohusika, kama ile ya mipangomiji na mazingira au ile ya fedha. Mwisho linafika kwenye baraza kamili la madiwani, ambalo kwa kawaida hukaa kila baada ya miezi mitatu. Vikao vya baraza hilo viko wazi kwa wananchi, na mkazi anaweza kuketi kwenye viti vya wageni akasikiliza, ingawa hawezi kuchangia. Ni wachache wanaotumia haki hiyo. Diwani anayejua kwamba wapiga kura wake kumi wamekaa nyuma huwa hasahau hoja yake mfukoni.

Kwa hesabu hiyo, pendekezo hupita mikononi mwa watu wengi kabla ya kupigiwa kura, na kila mkono unaweza kulipunguza, kulichelewesha au kuliacha. Kosa la wakazi wengi ni kudhani kazi yao imekwisha mkutano ulipofungwa kwa sala.

Muhtasari unaofaa unaandikwaje?

Hili ndilo swali ambalo lingestahili kuulizwa zaidi kuliko linavyoulizwa. Chukua mfano wa mtaro unaofurika. Muhtasari wa kawaida huandikwa hivi: "Wananchi walilalamikia mtaro. Mwenyekiti aliahidi kulifanyia kazi." Sentensi hizo mbili zimeua hoja. Hazisemi mtaro upi, nani anaombwa kufanya nini, wala lini, na zimeugeuza uamuzi wa mkutano kuwa malalamiko yaliyopokelewa kwa hisani ya mwenyekiti.

Sasa tazama namna ya pili: "Mkutano umeazimia kuiomba halmashauri izibue na kuujengea mtaro unaotoka ukuta wa shule ya msingi hadi kivuko cha waenda kwa miguu, urefu wa takribani mita 300, kabla ya mvua za masika. Wakazi wako tayari kutoa nguvukazi ya kuchimba. Mwenyekiti atawasilisha azimio hili kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuleta mrejesho katika mkutano ujao." Hapo kuna kitenzi cha kuazimia, eneo linaloweza kwenda kukaguliwa, kipimo ambacho mhandisi anaweza kukianzia makadirio, mchango wa wakazi, na jina la cheo cha mtu anayedaiwa mrejesho. Mtendaji wa kata akiupokea muhtasari huo hana sababu ya kuurudisha wala kuufupisha.

Viambatisho vina uzito wake. Orodha ya mahudhurio yenye majina na saini ni ushahidi kwamba azimio ni la mkutano na si la watu wanne waliokutana kijiweni. Picha za mtaro ukiwa umefurika, zilizopigwa kwa simu na kuandikwa tarehe, husaidia sana. Na muhimu kuliko yote, muhtasari unatakiwa usomwe na kuthibitishwa mwanzoni mwa mkutano unaofuata. Mkazi anayesimama wakati huo na kusema kwa upole, "Ndugu mwenyekiti, naomba isomwe sehemu ya yatokanayo," yaani yaliyofuata baada ya maazimio ya mkutano uliopita, amefanya kazi kubwa kuliko aliyepaza sauti robo saa nzima katika mengineyo.

Mbona tulipeleka kero ya barabara halmashauri na tukaambiwa haiwahusu?

Huenda mliambiwa kweli. Barabara nyingi za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Maji yako kwenye mamlaka za maji, kwa mfano DAWASA kwa Dar es Salaam, na umeme ni wa TANESCO. Halmashauri inabaki na mambo kama shule za msingi na sekondari, zahanati na vituo vya afya, masoko, usafi na ukusanyaji wa taka, vibali vya ujenzi, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Jibu la "haituhusu" lisiwe mwisho wa safari. Kamati ya Maendeleo ya Kata inaweza kumwalika meneja wa taasisi husika aje ajieleze, na barua ya mtaa inaweza kwenda moja kwa moja kwa taasisi hiyo, nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi. Nakala hizo zina faida: zinamfanya kila mpokeaji ajue kwamba mwingine anajua.

Ni wakati gani wa mwaka ushauri wa mtaa una nguvu zaidi?

Kabla ya bajeti kuandikwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini maandalizi huanza miezi mingi kabla, na bajeti za halmashauri huwa zimeshapita kwenye mabaraza ya madiwani Bunge linapoanza kikao chake cha bajeti mwezi Aprili. Mtaa unaopeleka maombi yake mwezi Mei, wakati mvua imeshabomoa kivuko, unaomba mahali ambapo fungu limekwisha kugawanywa. Vipaumbele vya mtaa vinapaswa kujadiliwa katika robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda, na viwe vichache. Orodha ya vipaumbele kumi na viwili haimsaidii mtu. Mpangaji mipango ataokota kile kilicho rahisi kwake. Utaratibu wa kupanga kwa kuangalia fursa na vikwazo, ambao serikali iliuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikusudia hasa kwamba wakazi waanze na walichonacho kabla ya kuandika wanachoomba.

Je, halmashauri inalazimika kufuata ushauri wa mtaa?

Hailazimiki kuufuata. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, hilo si tatizo kubwa kama linavyosemwa, kwa kuwa jiji lenye mitaa mingi haliwezi kutii kila azimio. Tatizo liko kwingine: halmashauri haibanwi vya kutosha kujibu. Mtaa unaweza kupeleka azimio lilelile miaka mitatu mfululizo na usipate hata mstari mmoja unaosema limekataliwa na kwa nini.

Kuna miji iliyoliona pengo hilo na kuliziba kwa sheria. Jijini Washington, nchini Marekani, kuna kamisheni za ushauri za vitongoji zilizotokana na sheria ya mwaka 1973 iliyolipa jiji hilo utawala wake wa ndani, na wajumbe wake wa kwanza walichaguliwa mwaka 1976. Kila mjumbe anawakilisha takribani wakazi 2,000, anatumikia miaka miwili, halipwi mshahara, na hagombei kwa tiketi ya chama. Kamisheni hizo haziwezi kuizuia serikali ya jiji kutoa leseni ya baa au kibali cha ujenzi. Lakini sheria inazitaka ofisi za jiji zizitaarifu mapema kuhusu mambo yanayogusa eneo lao, na kuupa ushauri wao uzito mkubwa, maana yake ofisi ikiamua kinyume inapaswa kuzijibu hoja zilizotolewa, moja baada ya nyingine, kwa maandishi. Los Angeles nayo ina mabaraza ya vitongoji yaliyotokana na katiba ya jiji ya mwaka 1999, nayo pia ni ya ushauri.

Karibu nasi zaidi, Kenya imepita njia ya mahakama. Katiba yake ya mwaka 2010 imeutaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa tunu za taifa, na mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo magavana na mabunge ya kaunti wanajua kwamba kodi iliyopitishwa bila kuwasikiliza walipaji inaweza kuanguka.

Tanzania Bara haina kifungu chenye makali ya namna hiyo kwa ajili ya mtaa. Kilichopo ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Wakazi wanaweza kuitumia kuomba muhtasari wa kikao kilichojadili azimio lao. Si sawa na kujibiwa hoja kwa hoja, lakini ni karatasi inayodai karatasi.

Mwenyekiti haitishi mikutano wala hasomi mapato na matumizi. Tufanye nini?

Anzeni na mtendaji wa mtaa, kwa barua iliyosainiwa na wakazi kadhaa na kugongwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Isipojibiwa, barua iende kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi. Mtendaji ni mtumishi wa halmashauri na anawajibika kwa mwajiri wake hata pale mwenyekiti anapokuwa mgumu. Inafaa pia kukumbuka kwamba mwenyekiti hana mshahara. Anategemea posho, na si kila halmashauri inailipa kwa wakati. Hilo haliondoi wajibu wake, ila linaeleza kwa nini baadhi yao huwa wepesi kufika panapouzwa kiwanja kuliko panapofanyika mkutano.

Je, mwenyekiti ana haki ya asilimia 10 ya bei ya kiwanja, au ya kuamua mgogoro wa mpaka?

Asilimia 10 hiyo ni mazoea, na viongozi wa serikali wameikemea mara nyingi. Mwenyekiti anaweza kushuhudia mauziano, lakini ushuhuda wake hauligeuzi eneo lisilopimwa kuwa lenye hati. Kuhusu migogoro, anaweza kusuluhisha majirani wakikubali. Wasipokubali, baraza la kata lina kazi ya upatanishi, na uamuzi wenyewe ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mahakama zilizo juu yake.

Chama kimoja kinaposhinda karibu mitaa yote, mkutano wa mtaa bado una maana?

Swali hili ni zito, na kulikwepa kungekuwa kuwadharau wasomaji. Uchaguzi wa serikali za mitaa husimamiwa na Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa vikilalamikia wagombea wao kuenguliwa kwa wingi, na katika uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya mitaa, ambayo idadi yake inazidi 4,200. Upinzani ulilalamika tena kuhusu uenguaji na mwenendo wa upigaji kura. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa hana hofu ya kuulizwa, na kamati yenye wajumbe wa chama kimoja huwa nyepesi kuahirisha jambo linaloweza kumuudhi mkubwa.

Hata hivyo, mkutano mkuu haugawanywi kwa kadi za chama. Mkazi asiye na chama, au wa chama kilichoshindwa, ana haki ileile ya kusimama, kuhoji na kutaka hoja yake iandikwe. Mtaro hauulizi itikadi kabla ya kuingia sebuleni, na mara nyingi ni katika mambo ya aina hiyo, yasiyo na bendera, kwamba mkutano wa mtaa hupata nguvu ya kumsukuma diwani.

Je, Zanzibar ina utaratibu huohuo?

Hapana. Zanzibar ina shehia, na kiongozi wake, sheha, huteuliwa, hachaguliwi. Anasaidiwa na wajumbe wa baraza la ushauri la shehia. Maswali ya wakazi wa huko kuhusu ajenda na mrejesho yanafanana na haya, lakini ngazi wanazopitia ni nyingine, na majibu ya hapo juu yasichukuliwe kama mwongozo wao.

Watu walikuwa wachache na mkutano ukaahirishwa kwa kukosa akidi. Tufanyeje?

Waliofika wasaini orodha ya mahudhurio, na mtendaji aandike kwamba mkutano umeahirishwa, sababu yake, na tarehe mpya iliyotangazwa palepale. Kabla ya tarehe hiyo, tazameni saa. Mkutano unaoitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi unawapata wastaafu na wanaotafuta ajira, na unawakosa mama lishe, bodaboda, walimu na wafanyakazi wa viwandani. Mitaa mingi huhamishia mkutano Jumapili alasiri. Tangazo libandikwe ofisini, lipitishwe kwa kipaza sauti, litumwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na litaje ajenda kwa majina yake, kwa sababu tangazo linalosema "maendeleo ya mtaa" halimtoi mtu nyumbani, na linalosema "mahali pa kuweka dampo la taka" linawatoa wote. Ajenda ziwe tatu au nne. Yatokanayo yatangulie, wageni rasmi wasizidi dakika chache, na kabla ya kufunga, katibu asome kwa sauti maazimio aliyoyaandika ili anayeona limeachwa jambo alisahihishe watu wakiwa bado wamekaa.